Mstari wa Swima

Neema aliponipigia simu kuniambia baba yake amekufa, na kwamba ameacha neno azikwe Runingu kando ya kaburi la mkewe, nilicheka. Sitaki kujipamba. Nilikuwa jikoni nakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kicheko kikanitoka kabla sijapata akili ya kukizuia, kifupi, cha puani. "Tantine?" akasema, jina la shangazi analoniitia tangu utotoni. Nikamwambia ni kikohozi, pole mwanangu, Mungu amlaze mahali pema, nitakuja. Kisha nikaketi kwenye kigoda, na sombe ikaungua mpaka jirani akaja kunusa mlangoni. Nimezeeka sasa, meno mawili ya mbele si yangu, na kwa miaka yote hiyo nimebeba jambo moja nililoamini hakuna mwingine anayelijua: kwamba mwanamke aliyelala katika kaburi lile la Runingu si mama yake Neema. Nilijua pia ni nani aliyempeleka pale. Ni mimi, kwa kalamu na daftari la shule.

Mwaka ule wa vita, Uvira, mji wetu wa ziwani, ilibadilisha wenyewe mara nyingi, hata watoto wakajua kutofautisha majeshi kwa buti tu. Sisi tulikuwa watatu katika kituo cha kuchunguza ziwa, chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya kuelekea majini, na ukutani rafu za chupa za samaki waliohifadhiwa kwenye alkoli. Jeshi la kwanza lilipoingia, askari waliinywa ile alkoli. Walikunywa chupa baada ya chupa na kuwamwaga samaki sakafuni, na tuliporudi wiki iliyofuata tukakuta mkusanyo wa miaka mingi umekaukia chini kama ndagala wa sokoni. Shefu wetu, yaani mkuu wa kituo, mzee wa milima ya Lemera aliyesoma Ulaya akarudi, alipiga magoti akaanza kuwaokota mmoja mmoja, akiwaita kwa majina yao ya Kilatini. Deo, mwenzangu kazini, alilia. Mimi nilichukua ufagio nikafagia, nikamwambia Shefu ainue miguu nipite. Hapo unaweza kunijua nilikuwa mtu wa namna gani.

Kilichobaki kilikuwa laptop moja iliyokufa betri yake ya ndani, betri ya lori ya kuiwashia, na programu tuliyoiita Mkondo. Mkondo ilikuwa programu huria. Tuliiandika pamoja na watu wa nchi za mbali ambao hatukuwahi kuonana nao, na yeyote aliweza kuichukua, kuisoma na kuirekebisha bila kumwomba mtu ruhusa. Mama Riziki, mfanyabiashara wa vitenge, aliivusha mpaka hadi Bujumbura ndani ya disketi alizozifukia kwenye unga wa muhogo, na kule akaituma kwenye nyumba ya intaneti. Kazi ya Mkondo ilikuwa kusema maji yanakwenda wapi: ukiangusha kitu hapa leo, kesho kutwa kitaibukia ufukwe gani. Tuliianza kwa ajili ya mayai ya samaki na uchafu wa mito. Ndani yake mlikuwa na hesabu moja kubwa, milinganyo mingi inayotakiwa kutatuliwa kwa pamoja, na kila kituo cha kupimia maji ufukweni kilitoa mstari wake katika hesabu hiyo. Hesabu ya namna hiyo mtu mwenye akili haiandiki mwenyewe. Anachukua bibliyoteki, ndivyo tulivyosema, yaani fungu la hesabu lililoandikwa na mabingwa na kuachwa wazi kwa wote, analiita ndani ya programu yake nalo linamfanyia kazi. Swali lililotugombanisha mwaka mzima lilikuwa tuchukue bibliyoteki ipi.

Kabla sijaeleza ugomvi huo, nieleze Swima. Kituo chetu cha kusini kabisa kilikuwa pale, ubao wenye namba uliochomekwa majini, na kila Alhamisi nilipanda boti ya wafanyabiashara kwenda kuusoma, kupima upepo na kuandika. Siku moja askari walitusimamisha njiani na kututeremsha. Mmoja alifungua daftari langu, akaona namba zimepangwa safu kwa safu, akasema hii ni hesabu ya majeshi, huyu ni mpelelezi. Nikamweleza kwamba ni maji ya ziwa. "Kama iko maji tu, uyameze," akasema, akauchana ukurasa akaniwekea mkononi. Niliula. Niliula wote, mbele ya abiria, na wengine wakacheka ili wasiulizwe wao. Nusu niliitapika mchangani, wakaniamuru niiokote nianze tena. Sikumwambia mtu. Mpaka leo nikiona mtu analowesha kidole kwa mate ili kufunua daftari, nageuza uso pembeni.

Alhamisi iliyofuata sikwenda. Nilikaa kwa shangazi yangu Kalundu, bandarini, ambako tulikuwa na kituo kingine. Nikausoma ubao wa Kalundu, kisha chini ya neno Swima nikaandika namba zile zile, nikichezea tarakimu za mwisho ili zisifanane kabisa. Shangazi alipika bukari na lenga-lenga, yaani ugali na mchicha. Samaki mwaka ule hatukula; kwa maiti zilizokuwa majini, kila mtu alijua samaki wanakula nini. Nilikula nikashiba. Nikafanya hivyo Alhamisi baada ya Alhamisi kwa miezi minne, na kila nilipomkabidhi Shefu daftari alinisifu mbele ya Deo. "Muone Feza," alisema. "Mwanamuke, lakini anafika kule kwenye banaume banaogopa." Nami nilizipokea zile sifa, tena kwa kichwa juu. Deo alinizidi akili na hakuwa na majivuno hata chembe. Nilimwonea wivu, na mtu wa namna ile hata kumchukia kunachosha.

Basi, bibliyoteki zilikuwa mbili, na Shefu alimpa kila mmoja wetu moja aijaribu kwa namba zetu wenyewe za ziwani. Ya Deo tuliipa jina la Mkaidi. Ilikuwa ya zamani, nzito, na kabla ya kutoa jibu ilipima kwanza kama hesabu yenyewe ina jibu la kuaminika. Ikiona mistari miwili inasema jambo moja, ilisimama na kuandika kwamba haiwezi. Yangu tuliiita Mwepesi. Hiyo haikupima kitu. Ilifupisha desimali, ilikimbia, na hata ukiilisha takataka ilikurudishia namba safi, zimepangwa vizuri. Na sisi tulikuwa na shida ya betri. Tuliichajisha kwenye mashine ya kusagia muhogo kule Rugenge, siku ambazo mafuta yalipatikana, na ilitupa saa moja na nusu tu. Mkaidi ilimaliza betri nzima mara mbili kabla haijafika mwisho. Mara ya tatu ilifika, ikakataa. "Inakataa," Deo alisema, akikwaruza shingo. "Inasema kuna mistari mbili zenye ziko moja." Nikajua ni mistari ya Kalundu na Swima. Nikamwambia, bila hata kugeuka, "Uangalie muzuri kazi yako, Deo. Labda weye njo umekosea."

Na Deo, maskini, akaamini. Kwa siku kumi na tisa alitafuta kosa katika kazi yake mwenyewe. Betri ikiisha alikaa kwenye dirisha na kunakili programu kwa mkono, mstari kwa mstari, akiipitia kwa kidole. Mke wake, Mapendo, alimletea chakula mchana, Neema mgongoni mwake, mtoto wa miezi saba. Siku moja ndara yake ya plastiki ilikatika mlangoni, na Deo akachukua kipande cha waya wa simu wa buluu kutoka kwenye takataka za ofisi, akaishona palepale, mshono wa kukata na kurudi, ule wa fundi viatu. Mapendo alisimama kwa mguu mmoja, mkono wake begani kwangu, akicheka. "Muangalie bwana yangu," akaniambia. "Kompyuta imemushinda, sasa anakuwa fundi wa viatu." Nami nikacheka naye. Nilikuwa nimemshika kiuno asianguke.

Siku ya kuamua, Shefu alitukalisha mbele yake na birika la chai isiyo na sukari. Deo alisema maneno machache. "Shefu, bibliyoteki yenye inakataa iko inatuambia kitu. Minye sijue ni nini. Lakini tuiache itukatalie mpaka tujue." Mambo yangeishia hapo, angeshinda, maana Shefu alikuwa mwanasayansi kweli. Lakini mimi nilisimama. Nikasema betri iko moja, vita havitangojea, Mwepesi inamaliza kwa dakika kumi na moja, na watu wa nchi za mbali wanataka programu inayojibu, siyo inayonuna. Kisha nikaongeza: "Mkaidi na Deo ni ndugu. Bote banakula betri nzima ili kusema hapana." Shefu akacheka mpaka chai ikammwagikia. Deo naye akacheka, kwa vile alikuwa mtu wa kucheka anapochekwa. Mama Riziki akavusha disketi ndani ya unga, na barua ya Shefu ikasema kwamba Mwepesi imejaribiwa kwa vipimo halisi vya ufukweni, Swima ikiwamo.

Wiki tatu baadaye boti iliyotoka mji wa Baraka ilipigwa risasi kutoka nchi kavu, ikashika moto. Waliopiga sitawataja, kwa kuwa kila upande uliapa kwamba ni wengine. Mapendo alikuwa ndani. Alikuwa amekwenda kumzika mama yake, akamwacha mtoto kwa mkwewe. Watu wanne waliogelea wakaokoka, wakaeleza mahali na saa. Deo aliingia ofisini asubuhi na mahali hapo pameandikwa kwenye karatasi. Hakulia. Aliiweka mbele yangu, akaunganisha waya za betri mwenyewe, kwa haraka hata cheche zikaruka. "Feza," akasema, "uiulize atatokea wapi. Nimuone tu. Nimuzike. Siombi kitu kingine." Shefu alitoka nje. Tulibaki wawili.

Hapo ndipo ningesema. Nimepita njia hii kichwani maelfu ya mara, na kila mara mlango uko wazi pale pale: "Deo, usiniulize, mstari wa Swima nimeubuni." Maneno hayo hayafiki hata kumi. Niliogopa aibu. Niliogopa uso wa Shefu, niliogopa dhihaka yangu ya siku ile ya chai inirudie. Mapendo nilimpenda, ninasema kweli, lakini jina langu nililipenda zaidi. Nikabonyeza. Tulingoja dakika kumi na moja, yeye akisali kwa Kirundi chini chini, na Mwepesi ikatoa jibu bila kusita: Kavimvira, karibu na mdomo wa mto Ruzizi, siku ya tatu. Na lazima nieleze jambo hili, hata wasiojua hesabu walielewe. Mistari miwili ikiwa karibu sawa, jibu lote linaning'inia kwenye tofauti ndogo iliyobaki kati yao. Tofauti hiyo ilikuwa zile tarakimu za mwisho nilizozichezea kwa shangazi, huku bukari ikipoa. Kavimvira haikutoka ziwani. Ilitoka kwenye vidole vyangu.

Deo alikaa Kavimvira siku tatu na kaka zake, wakitembea ufukweni kwenda na kurudi. Siku ya tatu mwili ukatoka. Bila shaka ukatoka; mwaka ule ukikaa mdomoni mwa Ruzizi siku tatu lazima mtu atoke, mto ulileta watu kama ulivyoleta magugu. Alikuwa mwanamke. Hakuwa na uso tena, wala nguo, wala viatu. Kaka mmoja akasema, "Deo, huyu anaonekana murefu." Deo akamjibu, "Maji inarefusha muntu. Hesabu imesema siku ya tatu, na leo ni ya tatu." Wakamfunga kwenye kitenge, wakamlaza juu ya baiskeli, wakamsukuma njia yote ya bondeni mpaka Runingu, wakamzika ukingoni mwa shamba la mpunga la baba yao. Aliporudi ofisini alinishika mikono yote miwili, akainama akaweka paji la uso juu yake. "Bila weye ningemukosa," akasema. "Bila ile Mwepesi yako. Minye nilitaka tuchukue ile yenye kukataa, Feza. Ungenisikiliza, ningemukosa."

Haikupita muda Mama Riziki akarudi kutoka kusini, alikokwenda kununua mawese. Alinikuta peke yangu. Akafungua furushi, akatoa ndara moja ya plastiki. "Balizika mwanamuke kule Swima," akasema. "Ile Alhamisi yenye kufuata boti. Maji ilimuweka hapo chini ya ubao wenu, hapo hapo. Nikaona hii waya nikasema, ah, inafanana na ya ofisi. Haiko ya muntu wenu?" Waya wa buluu, mshono wa kukata na kurudi. Nikasema hapana, siijui. "Na tena bale bavuvi banauliza," akaendelea, akifunga furushi lake, "yule dada wa ubao alikufa? Banasema hawamuone miezi." Nikamwambia nina haraka. Mama Riziki naye alikufa kwa malaria kabla ya Noeli, nami nikashukuru. Nimeshasema sitajipamba. Siku hiyo, alipoondoka, nilifungua daftari kwenye Alhamisi ile. Kwa mwandiko wangu, vizuri kabisa, palikuwa pameandikwa: Swima, maji shwari, upepo hafifu, hakuna la kuripoti. Kama ningekwenda kazini kwangu siku ile, ningemkuta mimi.

Runingu nilifika saa ya mazishi yenyewe, na ndara ndani ya mfuko wangu wa mkononi, sijui kwa nini. Imekaa nami miaka yote na nimezoea kuibeba. Kaburi la mwanamke yule lilikuwa na saruji, na chokaa mpya, na maua ya bati. Deo hakuoa tena. Kila Jumapili, waliniambia, alikuja kufagia hapo. Padri alipomaliza, kaka mkubwa wa Deo akainua mkono. "Mama Feza iko hapa," akasema. "Atuelezee vile kompyuta ilipata muke wa Deo. Batoto basikie." Nikamtazama Neema. Ni mwanamke mzima, anafanya kazi ya programu. Miaka hii ya mwisho yeye na wenzake wa nchi za mbali ndio wanaoitunza Mkondo. Alinitazama tu. Nikasimama kati ya makaburi mawili nikasimulia: betri, dakika kumi na moja, Kavimvira, siku ya tatu. Nilisimulia vizuri. Wazee walitikisa vichwa na mwanamke mmoja akasema sayansi ni zawadi ya Mungu.

Baadaye Neema alinichukua nyuma ya nyumba, akanikalisha kwenye kiti, akabaki amesimama. "Tantine," akasema, "mwaka jana tuliondoa Mwepesi. Inadanganya sana. Tukachukua mpya, iko inapima kwanza, kama ile Papa alikuwa anataka. Nikaijaribu na namba zenu za ule mwaka, hapo kwenye kitanda cha Papa, alikuwa mgonjwa tayari. Ikakataa. Papa akaniambia, nionyeshe hizo mistari mbili. Nikatoa moja kwa ingine." Akainua vidole. "Zikabaki tatu, moja, mbili. Halafu tatu, moja, mbili. Wiki zote. Papa akasema maji haijirudie hivyo wiki kwa wiki. Akasema, hii ni Feza. Haikuwa maji, ni Feza." Nikamuuliza alisema nini tena. "Alisema bado azikwe pale pale. Yule mama tumemulilia miaka yote, hatuwezi kumufukuza sasa. Na akasema nikuache kwanza useme mbele ya batu, pengine utasema kweli. Usiposema, nikuulize kitu moja tu: Mapendo iko wapi."

"Swima," nikasema. "Chini ya ubao." Nikafungua mfuko nikatoa ndara. Aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya waya wa buluu, mshono kwa mshono, na alipofika kwenye fundo akakiacha kidole hapo. "Ulijua tangu lini?" akauliza. Nikamwambia tangu mwaka ule ule, kabla ya Noeli. Akaingia ndani. Nikadhani amekwenda kuwaita baba zake wadogo, na nikasema moyoni, vizuri, waje. Akarudi na sahani ya bukari na samaki, na jagi la maji. Akaninawisha mikono kama anavyonawishwa mgeni. "Kula," akasema. Nikasema sina njaa. "Kula." Nikala, yeye amesimama mbele yangu, ndara imebanwa kwapani, mpaka sahani ikawa tupu. Aliichukua, akaninawisha tena. "Kesho niko naenda Swima," akasema. "Weye ubaki." Hakuniita tantine.